Kuufuata Mtondoo Hadi Pemba

Nyie mnaosimama mlangoni mwa karakana yangu hapa Misunkumilo, Mpanda, na kuniuliza, "Skola, huko Pemba kulikuwaje?", kila mmoja nimempa kipande chake. Huyu nimemsimulia bahari, yule treni, mwingine nikamchekesha kwa habari ya msiba usiokuwepo. Sasa vipande vimeanza kugongana, na juzi nimesikia kwamba eti nilikwenda kununua jahazi. Basi naandika yote mara moja, kwa mpangilio wake. Habari za tiketi na vibali nimeziacha. Zilinichosha zilipotokea, sioni kwa nini ziwachoshe na nyie.

Kwa wasiomjua Bi Zuwena: ni mjane anayekaa Ilembo, nyumba ya tatu kutoka mashine ya kusaga. Ni mzaliwa wa Pemba. Aliletwa Mpanda akiwa bi harusi na marehemu mumewe, aliyekuwa fundi cherehani, na alikuja na kitanda chake kikiwa kimefunguliwa vipande. Baba yake ndiye aliyekitengeneza. Watoto wake wote wanne amewazalia juu yake.

Mimi nimekulia kwenye mninga na mkurungu. Mbao za misitu yetu nazitambua kwa harufu kabla sijaziona. Lakini mbao ya kitanda kile sikuwahi kuiona popote. Ni nyekundu iliyoiva, na ndani yake mistari inapinda na kupishana kama maji yanayotikiswa. Ukisogeza taa, mistari nayo inasogea.

Mwezi wa kwanza, mvua ikiwa kali, ukuta wa chumba chake uliangukia kitanda. Mwenyewe alikuwa jikoni, tumshukuru Mungu. Tendegu moja, yaani mguu wa kitanda, lilipasuka juu hadi chini. Kuanzia hapo akawa analala kwenye godoro sakafuni, na ubaridi wa sakafu ukamwingia kifuani. Alikohoa mpaka akakonda.

Nikamwambia, "Bibi, nitakuchongea tendegu la mninga, wiki hii hii."

"Mninga mzuri, fundi," akasema. "Lakini kitanda hiki kimetoka mti mmoja. Mtondoo uliokuwa mbele ya nyumba yetu, pwani. Nataka kimalizike na mti wake."

Tukampigia simu mdogo wake, Hamadi, ambaye hawajaonana tangu aolewe. Alisema mti ulianguka zamani, ila aje fundi mwenyewe aone. Hakufafanua. Mtoto mkubwa wa Bi Zuwena, anayefanya kazi Sumbawanga, akagharamia safari. Nikafunga msumeno mdogo, patasi mbili na nguo, nikaenda stesheni.

MPANDA HADI TABORA

Treni ilitoka vizuri. Tukapita Katumba, tukaingia msituni, na mimi nikawa nimeshaanza kuhesabu kwamba kesho mapema niko Tabora. Karibu na mto Ugalla ikasimama. Maji yalikuwa yamepanda hadi kwenye reli, na ikabidi tusubiri yapungue.

Aliyekaa mbele yangu alikuwa Mama Kabula, Msukuma ambaye familia yake ilihamia kijiji cha Mamba na ng'ombe wao miaka mingi iliyopita. Alikuwa anakwenda kumwona dada yake Tabora. Alinikaribisha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Tukatafuna tukiangalia nje. Akaniuliza ninakwenda wapi.

"Pemba. Kutafuta mti."

Akatafuna kwanza. Kisha akanyoosha mkono dirishani, kwenye msitu ulioanzia pale tulipo na kuishia pasipoonekana.

"Na hii ni nini?"

Nikaanza kueleza. Nikamweleza kitanda, mistari inayosogea, kisiwa. Alinisikiliza kwa makini, halafu akanigusa goti na kuniuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kuna mtu anajua kwamba nimesafiri. Alidhani nimechanganyikiwa. Nilipomwonyesha kipande cha lile tendegu lililopasuka, nilichokuwa nimekichukua kama sampuli, alikigeuza kwenye mwanga wa dirisha, na mistari ikatembea. Alikaa nacho muda mrefu.

"Sasa nimeelewa," akasema. "Ningekuwa mimi pia ningeenda."

Abiria wengine walishuka, nami nikashuka. Maji yalikuwa yametandaa katikati ya miti, yametulia kabisa, na kila mti ulisimama juu ya kivuli chake kama umeota pande mbili. Korongo weupe walitembea humo taratibu. Msitu huu ndio unaonilisha, nimekata na kupasua mbao zake maisha yangu yote, na sikuwahi kuuona umesimama hivyo. Watu wa karibu walikuja na samaki wa kukaanga na asali kwenye madumu madogo. Nilikula samaki na kidole cha asali, mchanganyiko ambao siwashauri, lakini siku ile ulikuwa mtamu. Tuliondoka kesho yake jua likiwa limeshapanda, treni ikienda kwa mwendo wa mtu anayevuka mto kwa kupapasa.

TABORA HADI BAHARINI

Hapa sina mengi, kwa sababu nililala. Dodoma nilipanda treni ya umeme. Nilikuwa nimejiandaa kuangalia kila kitu, nikasinzia kabla hatujatoka mjini, nikaamshwa Dar es Salaam na mhudumu aliyedhani naumwa.

Bahari niliiona kesho yake, nikiwa kwenye foleni ya boti. Nilikuwa nimeshaiona kwenye televisheni, na Ziwa Tanganyika nalijua, nikadhani ni vilevile. Siyo. Ziwa limezungukwa na milima, unajua kwamba upande wa pili kuna watu. Hii ilikuwa haina upande wa pili. Mzee mmoja nyuma yangu alilazimika kuniambia, "Dada, foleni inasogea."

Kutoka Unguja nilipanda meli nyingine kwenda Pemba. Nilitapika njia nzima. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu alinipa limao ninuse, akaniuliza kwetu ni wapi. Nilipomwambia Mpanda akauliza kama ni nchi ya Kongo. Nikasema inakaribiana. Sikuwa na nguvu ya kubishana.

KONDE

Nilipofika bandari ya Mkoani nikapiga simu kwa Mzee Hamadi. Ikapokelewa na binti yake, Salma.

"Baba yuko konde," akasema. "Akirudi n'takwambia."

Nikawauliza watu wa gari kama kuna mahali panapoitwa Konde. Wakasema ipo, kaskazini kabisa ya kisiwa, gari lake lile pale. Nikapanda. Tukapita Chake Chake, tukapita Wete, barabara inapanda na kushuka vilima kila upande mikarafuu, na upepo unaoingia dirishani unanukia kama chai ya sikukuu. Nikashuka Konde nikaanza kuulizia Mzee Hamadi mwenye mtondoo. Kina Hamadi walikuwepo wengi. Mwenye mtondoo hakuwepo.

Kijana wa bodaboda akasema, "Kama unatafuta miti ya ajabu, basi labda yuko huko Ngezi, msituni." Akanipeleka.

Jamani, Ngezi. Sisi tumezoea msitu wa kwetu, ambao unaweza kuona jua na kumwona mtu anayekuja. Hapa tuliingia chini ya miti na mchana ukabaki nyuma. Kuna mivule na miti mingine ambayo shina lake watu watatu hawawezi kulikumbatia. Kuna mnazi mwembamba wa porini wanauita mpapindi, ambao mlinzi wa msitu aliniambia asili yake ni kisiwa hiki. Niliweka kiganja kwenye shina moja, nikainua macho kutafuta linapoishia, nikashindwa. Mimi nikiona mti kwanza naona mbao: huu utatoa kitanda, huu fremu za milango. Pale sikuona mbao. Nilisimama tu nimeshika mti kama mtoto anayeshika nguo ya mama yake.

"Hapa hata kijiti hakitoki," mlinzi akasema, maana alikuwa ameona ncha ya msumeno kwenye begi langu.

"Sikuja kukata. Namtafuta Mzee Hamadi. Nimeambiwa yuko Konde."

Akaniomba namba, akapiga, akaongea na Salma, na katikati ya maongezi akaanza kucheka. Alipokata simu akanieleza: kwao konde ni shamba. Mzee alikuwa shambani kwake akipalilia mihogo. Kijiji chenyewe kiko pwani, karibu na Wete, tulikopita saa nzima iliyopita.

Nilicheka naye, lakini njiani kurudi nikaanza kujiuliza. Kama miti hai haikatwi hovyo, na mti wa baba yao ulianguka zamani, basi nimekuja kufanya nini? Nilimwona Bi Zuwena kwenye godoro lake sakafuni, akinisubiri.

MTI ULIOLALA

Mzee Hamadi nilimkuta barazani, mwembamba, anatafuna tambuu, macho makubwa kama ya dada yake. Alinitazama, akatazama nyuma yangu.

"Fundi yuko wapi?"

"Ni mimi, babu."

"Mwanamke?"

"Ndiyo."

"Basi karibu. Zuwena angekuwa fundi kama marehemu baba angekubali. Alinilazimisha mimi, na sikuweza hata kuchonga mwiko." Akamwita Salma alete chakula. Tulikula muhogo wa nazi na pweza. Yule pweza nilimtazama kwa muda kabla sijamtia mdomoni. Mzee alisubiri nimeze, ndipo akauliza alichokuwa amekiweka tangu nilipoingia.

"Hali yake ikoje? Sema kweli."

Nikamwambia kweli. Kikohozi, kukonda, godoro. Akatikisa kichwa, akasogeza sahani pembeni. Halafu akasema aliporuka ukuta kumwangalia dada yake akipanda gari siku alipochukuliwa na mumewe, alikuwa mdogo, na Zuwena alimwahidi atarudi na kanzu mpya. "Sijamkasirikia," akasema. "Ila kanzu naisubiri."

Mti ulikuwa umeng'olewa na dhoruba, akaeleza, ukaangukia pwani. Mchanga ukaanza kuufunika, mwaka hadi mwaka, mpaka ukapotea. Kitanda cha Zuwena kilitoka kwenye tawi lake kubwa; shina lenyewe hakuna aliyelipasua. "Uko pale chini. Nimeukalia mara nyingi nikiwa kijana. Tatizo, sijui pale ni wapi sasa."

Sheha wa eneo, kama mwenyekiti wa mtaa kwetu, alikuja, akasikiliza, akaridhia tuuchimbe. Maji yalipokupwa tukashuka pwani na majembe: mimi, mzee, Salma na jirani yao Faki. Tulichimba pale mzee alipoonyesha na gongo lake. Tukapata mchanga, halafu maji, halafu mchanga tena. Bahari ikarudi, ikajaza shimo letu kama halikuwahi kuwepo. Siku iliyofuata akaonyesha mahali pengine. Tukapata tairi la gari. Nilimwona mzee anavyosimama akipima kwa macho kutoka kwenye pembe ya nyumba hadi kwenye jiwe, kutoka kwenye jiwe hadi majini, midomo ikimcheza.

Wanawake wanaolima mwani walikuwa wanapita kwenda kwenye mashamba yao ya majini. Mmoja, Bi Mize, mtu mzima mwenye sauti nzito, akauliza tunatafuta nini. Alipoambiwa, akaangusha gunia lake.

"Mnachimba bure. Mimi kila siku najikwaa kitu pale, nikadhani jabali." Akatupeleka hatua chache kuelekea majini, akakanyaga kwa kisigino. "Hapa."

Jembe la Faki likagonga. Sauti haikuwa ya jiwe.

Sitasahau kilichofuata. Wale wanawake wote waliacha mwani wao. Hakuna aliyewaomba. Walichimba kwa mikono, kwa vifuu, kwa mabeseni, wengine wakitoa maji na wengine wakitoa mchanga, huku bahari ikianza kurudi, kwanza mbali, kisha ikituramba miguu. Mgongo wa mti ukatokea, mweusi, mpana, umejaa chaza. Ukaendelea kutokea. Ulikuwa mrefu kuliko karakana yangu. Faki alitaka kuleta msumeno wa mashine, nikakataa, maana mchanga ungemaliza mnyororo wake kabla haujaingia kiasi cha kidole. Tukaazima msumeno wa watu wawili. Mimi nikashika upande mmoja, Faki upande mwingine, tumepiga magoti majini, Bi Mize akimwagia maji njia ya msumeno.

Nje ilikuwa imeoza kiasi cha upana wa kiganja. Nikaogopa. Kisha msumeno ukabadilika sauti, ukaanza kuimba, na unga uliotoka ukawa mwekundu.

Tulipokata pande zote mbili na kubandua kipande cha kiini kwa kabari, maji ya bahari yakakitoka polepole kama jasho. Nikakiosha kwa kanga yangu. Mistari ilikuwepo. Ileile, ikipinda na kupishana, imelala gizani chini ya mchanga miaka yote hiyo, na hakuna aliyekuwa anaitazama. Wanawake walikuja mmoja mmoja wakapitisha vidole. Mzee Hamadi aliingia majini na kanzu yake, akakilalia kile kipande kifua kizima, akabaki hivyo mpaka Salma alipomshika bega na kumwambia maji yanajaa.

Sehemu iliyobaki tuliiacha. Kufika jioni bahari ilikuwa imeshaifunika.

KURUDI

Mbao iliyokaa majini ukiikausha ghafla inapasuka, kwa hiyo ilibidi isafiri na unyevu wake. Nilikifunga kile kipande kwa magunia yaliyoloweshwa, juu nikazungusha kanga mbili alizonipa Salma. Kilikuwa na urefu wa kufika kiunoni na unene wa paja. Nilikibeba kifuani kwa sababu begani kiliteleza.

Hamkuona nilivyoonekana. Mimi pia sikujiona. Kwenye meli kijana alisimama akanipisha kiti bila kuniangalia usoni. Nikashukuru. Dar es Salaam mpagazi alikataa malipo. Nikasema hawa watu wa pwani wana roho nzuri. Dodoma, wakati nasubiri treni ya Tabora, nilikuwa nachota maji na kukinyunyizia taratibu, na mama aliyekaa karibu akaanza kulia.

"Pole mwanangu," akasema. "Alikuwa wa kike au wa kiume?"

Nikafahamu yote kwa mara moja. Nikataka kucheka, lakini yule mama alikuwa analia kweli, na sura yake ilionyesha kuna mtoto wake mwenyewe anamlilia. Nikamshika mkono. Nikamfungulia pembe ya gunia, nikamwonyesha, nikamwambia ni mti, unakwenda kwa bibi mmoja mgonjwa. Alijifuta machozi, akainama, akaunusa.

"Mzuri," akasema. Baadaye akaomba aushike kidogo. Nikamwachia mpaka treni ilipokuja.

ILEMBO

Safari hii reli ilikuwa kavu, tukapita Ugalla bila kusimama. Kutoka stesheni nilikwenda moja kwa moja Ilembo kabla sijafika kwangu. Nilipokuwa safarini, majirani walikuwa wameinua kitanda, wakaweka matofali mahali pa tendegu lililovunjika, na Bi Zuwena alikuwa amerudi juu yake, amejiegemeza, amejifunika shuka hadi kidevuni. Kifua kilikuwa bado kinamkwaruza.

Nikamwekea mzigo mapajani. Akafungua kanga, akafungua magunia, moja baada ya jingine, akikataa nimsaidie. Alipofika kwenye mbao akasukuma magunia pembeni. Akapitisha kiganja. Akainama, nikadhani anaibusu, kumbe aliweka ulimi.

"Ina chumvi," akasema.

Akaweka tena ulimi, akafumba macho. Nilitoka nje kwa muda, kwa sababu palikuwa si mahali pangu.

Niliporudi nikamwambia ukweli wa fundi, ambao nilikuwa nimeuogopa tangu Pemba: siwezi kuichonga sasa. Ikauke kivulini polepole, igeuzwegeuzwe, mpaka kiangazi hiki kiishe na pengine kinachofuata. Nilikuwa natazama mikono yake iliyokonda nilipokuwa nasema.

Alinitazama kama mtu aliyeletewa habari njema.

"Basi usiiharakishe," akasema. "Iweke hapa chini ya kitanda. Nitaingoja."

Nikaiweka uvunguni, karibu na matofali. Tukakubaliana kwamba kila Jumapili nikitoka kanisani nitapitia niigeuze, maana ni nzito na yeye hawezi kuinama. Nimeshaigeuza mara kadhaa. Jumapili iliyopita nilimkuta amekaa kwenye ukingo wa kitanda, anahema, vumbi limemjaa magotini. Nikainama uvunguni. Upande niliokuwa nimeuacha chini ulikuwa juu.